Omena ya gorogoro haina lebo

Wasee wa Nax, ukinunua omena sokoni, nani hukuambia ndani ya gorogoro kuna nini? Hakuna mtu. Kwangu mimi, hiyo ni shida.

Omena hutoka Ziwa Victoria, na wavu hauchagui. Huvuliwa pamoja na ochong'a, wale uduvi wadogo wa ziwani. Nyingi huishia kwa chakula cha kuku, lakini zingine hubaki kwa omena na kufika hadi kwa sufuria yako.

Kwa wengi wetu hiyo si noma. Lakini aleji ya samaki na aleji ya uduvi ni vitu viwili tofauti. Kuna mtu anakula tilapia fiti kabisa, halafu uduvi kidogo tu unamvimbisha midomo na kumziba pumzi. Kinachomsumbua sanasana ni protini inaitwa tropomayosini, na hiyo haiogopi moto. Kaanga, chemsha, bado iko.

Utaniambia nichambue na macho. Sawa, je, ikishasagwa unga wa uji wa mtoto? Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kukwambia koo inawasha.

Hapo ndipo bayosensa inaingia. Usiogope jina. Kile kimashine cha shosh cha kupima sukari ni bayosensa. Ya chakula inafuata wazo hilohilo: unachanganya unga kidogo na maji maalum, kingamwili zinashika tropomayosini, kifaa kinasoma. Wanasayansi tayari wameunda zinazotoa jibu kwa dakika chache.

Swali ni zitaanzia wapi. Ulaya sheria inataka lebo itaje vitu 14 vya aleji, samaki na jamii ya uduvi wakiwemo. Kwa hivyo naona vifaa vikikimbilia samaki wa kuuzwa nje, na sisi tubaki na gorogoro.

Mimi nasema vianzie kwa wanaosaga na kufungasha unga wa omena. Unga umeshachanganyika, kwa hivyo kipimo kimoja kinasema mengi kuliko kuchota juu ya gunia. Gharama ibebwe na mwenye kufungasha, si mama wa sokoni. Na Egerton iko hapo tu Njoro, inafundisha sayansi ya chakula. Kaunti iwapigie simu.

Najua mtaandika, "Wewe uliacha chuo, unajua nini?" Najua nani hununua ule unga. Ni sisi.