Ligi Ikimalizika, Biashara ya Soka Isilale

WAFANYABIASHARA wanaoishi kwa soka wanaujua vyema ukame wa katikati ya mwaka. Ligi Kuu ya Tanzania Bara kwa kawaida humalizika Mei au Juni, na kipenga hakilii tena hadi Agosti au baadaye. Katika kipindi hicho jezi hutundikwa Kariakoo bila kuulizwa bei, vibanda umiza hubaki na mabenchi matupu, na mama lishe wa Temeke, jirani na Uwanja wa Benjamin Mkapa, hupunguza kilo za mchele.

Ipo miaka ambayo pengo hilo huzibwa na mashindano makubwa. Mwaka 2018 lilikuwapo Kombe la Dunia kule Urusi, na mwaka 2019 Taifa Stars ilicheza fainali za Afrika nchini Misri baada ya miaka 39. Lakini Kombe la Dunia la 2022 lilichezwa Novemba na Desemba, wakati ligi nyingi zimo katikati ya msimu. Mtaji haupangwi kwa kutegemea bahati ya ratiba.

Kwa maoni yetu, shabiki haishiwi hamu msimu unapokwisha. Anachokosa ni mahali pa kukutana na wenzake. Ushahidi ni Simba Day, iliyoanza mwaka 2009, na Wiki ya Mwananchi ya Yanga, iliyoanza mwaka 2019. Hakuna pointi zinazogombewa siku hizo, lakini watu hulipa kiingilio, na uwanja huo wenye viti 60,000 umejaa zaidi ya mara moja. Tatizo ni kwamba sherehe hizo huja mwishoni mwa ukame. Wiki zinazotangulia hazina mwenyewe.

Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, ndondo. Ndondo Cup, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2014, imeonyesha kuwa mechi za mtaani hujaza viwanja kama Kinesi na Bandari. Wenye maduka wa mtaa mmoja wanaweza kuchangiana jezi, mipira na zawadi, kisha wakagawana nafasi za kuuza vinywaji na chakula.

Pili, wenye vibanda waandae jioni za mechi kubwa za zamani, mjadala wa usajili na mashindano ya bao na drafti. Tuchukue mfano: watu 60 wakilipa Sh. 500/- kila mmoja, jioni moja huleta Sh. 30,000/-. Jioni tatu kwa wiki, kwa wiki nane, ni Sh. 720,000/- kabla ya gharama. Si utajiri, lakini ni afadhali kuliko kulipa pango la chumba kilichofungwa. Muhimu, kibali cha kuonyesha picha hadharani kipatikane kwanza.

Tatu, klabu zenyewe zifungue baadhi ya mazoezi na kupeleka wachezaji wao wa zamani mikoani. Shabiki wa Songea au Kigoma hununua jezi ileile anayonunua wa Dar es Salaam, lakini anaiona timu yake kwa nadra. Mechi moja ya maveterani huamsha nyumba za wageni, daladala na wauza kahawa wa mji mzima.

Tunamaliza kwa tahadhari kwa wenye jezi stoo. Siku klabu inapozindua jezi mpya, ya zamani hushuka bei papo hapo. Anayeshikilia mzigo akisubiri msimu uanze ndipo auze, anasubiri hasara. Apunguze bei mapema, auze kwenye ndondo na jioni za vibanda, na fedha hiyo iwe mtaji wa jezi mpya. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa wakizungumzia jezi ya msimu uliopita.