Jua Hunywa Maji, Chumvi Huiacha

Mwezi uliopita nusura tuliue tumbawe tulilokaa nalo miaka miwili, na tungeliua kwa mikono ile ile tuliyokuwa tukilitunza nayo.

Ni tumbawe laini la aina ya sarkofitoni, lenye umbo la uyoga. Mjomba wa watoto alituletea kipande kisichozidi kidole gumba, alichokikata katika tangi lake mwenyewe. Hilo la tangi lake twalitaja kwa makusudi, kwa kuwa wapo wanaotamani kwenda kuvunja yaliyomo baharini. Matumbawe laini hukubali kukatwa na kupandikizwa, basi ya baharini na yaachiwe samaki.

Tumbawe ni mnyama, ingawa wageni wengi hudhani ni mmea. Kila kinywa chake kidogo kimezungukwa na minyiri minane, na ndani ya nyama yake huishi mwani usioonekana kwa macho, unaogeuza mwanga kuwa chakula. Ndiyo maana huwasha taa yake saa nane hadi kumi kwa siku, na maji huyapitisha taratibu, yasilipige kwa nguvu upande mmoja.

Joto lilipozidi, tuliweka feni juu ya tangi. Feni hupoza maji kwa kuyafanya yaondoke kama mvuke, na tangi letu la lita 200 likawa lapungua lita tatu kila siku. Sisi, kwa bidii yetu, tukawa twajaza pengo kila jioni kwa maji ya chumvi tuliyokwisha kuyachanganya. Baada ya siku kumi tumbawe likajikunja na kusinyaa.

"Limekufa?" akauliza binti yetu.

Tukamtuliza. Sarkofitoni ina desturi ya kujifunga siku kadhaa, ikajivua ngozi nyembamba kama nta, kisha ikachanua upya. Lakini tulitulia mahali pasipo pa kutulia. Linapojifunga moja na mengine yamechanua, liache. Yanapojifunga yote, kama yalivyokuwa yetu siku ile, tatizo li ndani ya maji.

Aliyetuzindua ni bibi yao, aliyekulia karibu na mashamba ya chumvi. Hajawahi kupima maji ya tangi maishani mwake. Alitutazama tukimimina ndoo, akasema, "Wanangu, kwani chumvi hupatikanaje? Jua hunywa maji, chumvi huiacha. Nanyi mwaongeza nyingine juu yake?"

Tukachukua kalamu. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo tangi letu lilikuwa na kilo saba. Lita tatu za maji ya chumvi kila siku ni gramu 105, na kwa siku kumi ni zaidi ya kilo moja. Tulikuwa tumefika gramu 40 kwa lita. Kipima chumvi kilikuwa kabatini muda wote huo!

Kosa la pili lingekuwa kurekebisha kwa pupa, kwani badiliko la ghafla nalo huua. Kila siku tulitoa lita tano za maji ya tangi, tukarudisha lita tano za maji baridi yasiyo na chumvi wala klorini, mbali na yale ya kufidia mvuke. Siku ya tano tulikuwa karibu kabisa na 35.

Tukiwa bado katika hadhari, mwenye tangi asinyunyize dawa ya mbu chumbani humo, wala asitie mkono wenye sabuni au mafuta ya manukato. Dawa za samaki zenye shaba huua matumbawe. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya hewa ya betri ndiyo akiba ya kwanza.

Na hili halina mzaha. Baadhi ya zoantha, vile viumbe kama vifungo vya rangi vinavyouzwa pamoja na matumbawe laini, hubeba palitoksini, sumu kali mno. Mwaka 2018, huko Oxfordshire, Uingereza, familia ilipelekwa hospitali baada ya jiwe la tangi kutolewa na kusuguliwa ndani ya nyumba. Mawe hayo yasichemshwe kamwe, wala yasisuguliwe makavu. Avae glavu na miwani anayeyashika, na watoto wakae mbali.

Tumbawe letu lilikaa limejikunja siku nne zaidi. Kisha likajivua ngozi yake, na alfajiri moja, tuliporudi kutoka msikitini, tukalikuta limesimama na minyiri yote nje. Sasa kuna mstari wa kalamu kwenye kioo, na binti yetu ndiye mwenye jagi la maji baridi. Kila jioni hujaza hadi mstarini, na ndoo ya chumvi hairuhusu mtu kuigusa mpaka bibi awepo.