BWANA SHAMBA ANASEMA: Mto huzaliwa wapi?



Mzee mmoja wa Newala aliniuliza hivi: "Bwana shamba, wenzetu wa Kilimanjaro wana barafu. Ikiyeyuka wanapata mto. Chemchemi yetu inapungua, na sisi hatuna barafu. Tufanye nini?"

Hili ni swali zuri. Tulitafute jibu pamoja.

Mlima Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895. Kileleni pana barafu. Maji ya mlima huo hukutana na maji ya Mlima Meru katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo Mto Pangani hupita Korogwe, huzungusha mitambo ya umeme Hale, kisha huingia Bahari ya Hindi.

Je, maji hayo yote ni ya barafu? La. Barafu hutoa maji kidogo tu. Tena, tangu mwaka 1912 zaidi ya robo tatu ya barafu hiyo imekwisha. Maji mengi hutoka msituni. Mvua hunyesha juu ya miti. Majani na mizizi huyazuia maji yasiende mbio. Maji huingia ardhini polepole, kisha hutokeza chini kama chemchemi.

Sasa tutazame kwetu. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto. Udongo ni wa mchanga, na maji ya mvua huzama. Hutokeza chini, kwenye miteremko na mabondeni. Chemchemi za Ndanda, wilaya ya Masasi, hutoka kwenye uwanda huo huo. Ndiyo sababu mama zetu walitelemka bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Hata maji ya bomba ya Newala husukumwa kwa mashine kutoka bondeni.

Basi ghala letu la maji ni ardhi. Tukifyeka mteremko na kuuchoma moto, maji ya mvua hukimbia na udongo. Udongo huo hufukia chemchemi.

Tufanye haya:

1. Tusilime karibu na chemchemi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka tuache mita 60.
2. Tusichome moto miteremko.
3. Tulime matuta ya kukinga mteremko.
4. Tukinge maji ya mvua kutoka kwenye mabati.

Yule mzee alikwenda kuitazama chemchemi yao. Juu yake alikuta shamba jipya la mihogo. Lilikuwa lake mwenyewe. Sasa ameliacha, na majani yameanza kuota.

Maswali ya kujadiliana: Chemchemi ya kijiji chenu iko wapi? Nani analima juu yake?