Nani anafunga mlango? Ugomvi wangu na rumeti kuhusu gemu

Najua nimewatupa mkono wiki tatu hizi. Nilibanwa na madesa, na bumu lilipotoka likaishia kulipa madeni ya chipsi mayai kabla sijapata hata nguvu ya kuandika. Leo nimerudi, na nimerudi na ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni kati yangu na rumeti wangu. Yeye yuko uhandisi, mimi ni ticha mtarajiwa, Kiswahili na Historia. Ana kompyuta ya mezani aliyoiunga mwenyewe kwa vipuri vya mtumba kutoka Kariakoo, inaunguruma kama mashine ya kusaga, lakini inafanya kazi. Kwenye kompyuta hiyo tunapokezana kucheza zile gemu zinazoitwa RPG, yaani unavaa uhusika wa mtu na kuishi maisha yake: unaongea na watu, unapigana, unaamua, masaa mia na zaidi. Yeye ni mtu wa Skyrim. Mimi ni mtu wa The Witcher 3. Juzi tumebishana mpaka saa 8 usiku, hadi jamaa tunayembeba chumbani (waliokaa hosteli wanajua kubebana ni nini) akatuomba kwa heshima zote tuzime taa.

Swali lilikuwa hili: gemu bora ni ile inayokupa mhusika aliyekamilika, mwenye historia na tabia zake, au ile inayokuacha uwe yeyote unayetaka?

Kwa wasiocheza, nieleze kidogo. Skyrim ilitoka mwaka 2011, ya kampuni ya Bethesda ya Marekani. Unaanza ukiwa mfungwa kwenye mkokoteni, unapelekwa kukatwa kichwa. Unaulizwa wewe ni nani, na hapo unajitengeneza mwenyewe. Kuna jamii 10 za kuchagua, hata watu-paka na watu-mijusi wamo. Jina lako, sura yako, yote juu yako. Hakuna anayejua umetoka wapi wala ulikosa nini. Joka linavamia, unatoroka, na baada ya hapo dunia ni yako, nenda utakako.

The Witcher 3 ilitoka 2015, ya CD Projekt Red ya Poland, na chanzo chake ni vitabu vya Andrzej Sapkowski. Huku huchagui kitu. Wewe ni Geralt, mwindaji wa mazimwi, nywele nyeupe, makovu usoni, watu wa vijijini wanamtemea mate. Ana marafiki wa zamani, ana mapenzi ya zamani, na ana Ciri, binti aliyemlea japo si wa damu yake. Yote hayo yalikuwepo kabla wewe hujawasha kompyuta.

Sasa nawaambia kilichonipata (anayetaka kuicheza mwenyewe aruke aya hii). Kuna mahali Ciri amevunjika moyo baada ya msiba. Unaweza kumpa pole za kawaida, au ukatoka naye nje mkarushiane theluji kama watoto. Kuna mahali anaitwa na wachawi wakubwa wa kike. Unaweza kuingia naye umsemee, au umwache aingie peke yake. Kuna mahali anataka kwenda kwenye kaburi la kijana aliyemsaidia, na wewe unaweza kumwambia muda hakuna. Mimi nilijiona mzazi mwenye busara. Nilimsemea. Nilimharakisha. Mwisho wa gemu Ciri alikwenda kwenye hatari kubwa kuliko zote, na hakurudi. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba pale kwenye theluji nilikuwa naamua jambo. Gemu ilikuwa kimya, inanitazama ninavyolea.

Jamani, siku ile sikwenda kula. Ndiyo maana nikamwambia rumeti: Skyrim yako haijawahi kunifanya hivyo, na haiwezi.

Angalieni wenyewe. Ndani ya Skyrim mtu mmoja anaweza kuwa mkuu wa chuo cha uchawi huku uchawi wenyewe anaujua wa kuombea maji. Anaweza kuwa kiongozi wa mashujaa wa Companions, mkuu wa wezi, na bado akaongoza genge la wauaji wa kukodiwa. Yote kwa pamoja, wiki moja! Nilimuua mfalme mkuu wa dola nzima ndani ya meli yake, nikashuka, nikaenda mjini kuuza viatu vya wizi, na maisha yakaendelea. Askari getini akanisimulia habari ya goti lake na mshale kama kawaida. Kwa haki niseme, ile vita ya wenyewe kwa wenyewe inakulazimisha kuchagua upande. Lakini sehemu kubwa ya gemu haikuambii hapana. Na mtu asiyeambiwa hapana na kitu chochote, si na dunia wala na nafsi yake, huyo mimi siwezi kumfahamu.

Babu yangu alikuwa na duka kijijini, na hakuwahi kuuza pombe, hata ule mwaka mahindi yalipokauka shambani na duka likawa tupu. Ukitaka kunieleza babu, nieleze hilo. Usinieleze urefu wake wala rangi ya macho yake. Mtu anajulikana kwa milango aliyojifungia. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yangu, na nilidhani imemaliza mchezo.

Nikaongeza na ushahidi wa darasani. Tulipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana, nilipewa kidato cha pili, wanafunzi sabini na kitu. Mimi nimetoka chuo na kichwa kimejaa nadharia za kumpa mwanafunzi uhuru. Siku ya insha nikaandika ubaoni: andika kuhusu chochote unachotaka. Nikakaa kusubiri maajabu. Dakika arobaini baadaye nikakusanya "Umuhimu wa maji", "Siku nisiyoisahau" zilizokaririwa tangu darasa la saba, na karatasi kadhaa zenye jina na tarehe tu.

Wiki iliyofuata nikabadilisha. Nikaandika: Wewe ni kondakta wa daladala. Ni saa 1 usiku, mvua inanyesha, gari limejaa. Mama mwenye mtoto mgonjwa anakuambia hana nauli, na bosi anataka hesabu kamili usiku huu. Endelea.

Wadau, waliomba karatasi za nyongeza! Mmoja kamlipia mama nauli mfukoni mwake kisha akamdanganya bosi kwamba tairi lilipasuka. Mwingine kamshusha mama kituo cha mbele, na insha yote iliyobaki ni kondakta anageuka kitandani hapati usingizi. Walibishana mpaka kengele ikalia. Nikajifunza kwamba mtoto ukimpa ukurasa mtupu anaganda, ukimpa mtu mwenye hesabu ya kupeleka kwa bosi anaamka. Nikamwambia rumeti, unaona? Kile kizuizi ndicho kilichowapa cha kusema.

Rumeti akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Ticha, wote waliandika vizuri ile ya kondakta?"

Nikataka kusema ndiyo. Nikamkumbuka binti mmoja, anakaa karibu na dirisha. Ile ya kondakta aliandika nusu ukurasa, nikampa alama ya chini. Lakini ile ya "chochote unachotaka", ambayo wenzake waliganda, yeye alijaza kurasa mbili na nusu, habari ya msichana anayepanda basi la kwenda Mwanza alfajiri bila kumuaga mtu. Baadaye wenzake ndio walioniambia kwamba nyumbani ana wadogo watatu, anawapikia na kuwaandaa kabla hajaja shule. Mambo hayo mawili sikuwahi kuyaunganisha mpaka juzi usiku.

Nikamweleza rumeti. Akasema, "Sasa umenielewa." Halafu akasema maneno ambayo ameniruhusu niyaweke hapa. "Mimi ni mtoto wa kwanza. Nimeitwa Injinia tangu nina miaka kumi. Baba ananiita Injinia, shangazi ananiita Injinia, hata mchungaji. Nina sup mbili mwaka huu na siwezi kumwambia mtu kwamba kozi hii siipendi. Geralt ni mtu ambaye watu wengine walishamaliza kumwandika. Huyo mimi ninaye tayari, namuishi kuanzia asubuhi. Nikikaa hapa usiku nataka kuwa mjusi asiye na jina ambaye hakuna anayemsubiri nyumbani. Niache."

Ningemjibu nini? Mwenzenu nilikuwa nazungumzia sanaa, kumbe yeye anazungumzia pumzi.

Nimelala nayo siku tatu hii habari, na nimefika mahali pengine kidogo. Nadhani tulikuwa tunauliza swali vibaya. Hoja ya mlango uliofungwa bado naishikilia. Chaguo lisilofunga mlango wowote ni sawa na kubadilisha shati. Lakini kuna swali la pili ambalo sikuliuliza: nani anaufunga?

Kuna gemu inaitwa Fallout: New Vegas, ya 2010, iliyotengenezwa na Obsidian. Ndani yake wewe ni tarishi aliyepigwa risasi ya kichwa na kufukiwa jangwani, akaokolewa. Maisha yako ya nyuma unaambiwa machache mno. Jina, sura, tabia, unaweka mwenyewe kama Skyrim. Ila dunia ile ina kumbukumbu. Kijiji cha kwanza tu, Goodsprings, unaamua kama utawatetea wanakijiji au utaungana na majambazi, na utakaowasaliti hawatakupokea tena kwa tabasamu. Mwisho unasimama na Jamhuri, au na Jeshi la Caesar, au na Bwana House, au unashika njia yako peke yako. Hauwezi kuwashika wote. Ukimaliza unasimuliwa mji mmoja mmoja ulivyokuwa kwa sababu yako. Pale ukurasa ni mtupu mwanzoni, lakini kila unachoandika hakifutiki. Milango inafungwa, na mkono unaoifunga ni wako.

Na upande wa pili, kuna mtu aliyeandikwa ambaye bado yuko huru. Kuna gemu ya 2019 inaitwa Disco Elysium (msicheke, najua hilo neno la kwanza hatulitamki hadharani msimu wa matokeo). Wewe ni askari mpelelezi mlevi, umeamka hujui hata jina lako. Huwezi kukataa kuwa yeye. Madeni yake ni yako, aibu zake ni zako, mwanamke aliyemuacha amekuacha wewe. Sauti 24 zinabishana kichwani mwako. Uhuru uliobaki ni mmoja tu: kuanzia leo utakuwa mtu wa namna gani juu ya vifusi hivyo. Na ni uhuru mkubwa kuliko ule wa kuchagua mkia wa mjusi.

Kinachonikera ni zile zinazotaka kula huku na huku. Fallout 4, ya Bethesda, 2015, inakupa sauti na familia, mwenzi wako anapigwa risasi, mtoto wako mchanga anaibiwa mbele ya macho yako. Haya, kamtafute! Halafu gemu hiyo hiyo inakupa uhuru wa kujenga vibanda, kupanda mazao na kutumwa kijiji hadi kijiji miezi mitatu, na hakuna anayekuuliza mtoto yuko wapi. Hapo mhusika anakuwa mwongo, na uhuru unakuwa utovu wa adabu. Bora ungeniacha mtupu, au ungenibana kweli kweli.

Kwa hiyo msimamo wangu, na mnipinge: undani wa mhusika na uhuru wa mchezaji si maadui. Adui wa vyote viwili ni dunia isiyokumbuka. Nipe Geralt mwenye historia, au nipe tarishi asiye na historia, yote nitapokea, ila nikifanya jambo mtu fulani upande wa pili alikumbuke. Na kuhusu nani aanze kuandika, hapo inategemea aliyekaa kwenye kiti. Sisi ambao hatujawahi kubanwa sana tunafurahia kupewa mzigo wa mtu. Aliyebebeshwa tangu utotoni anahitaji kwanza ukurasa mweupe, hata kama ataujaza upuuzi. Mwalimu asiyejua tofauti hiyo atatoa alama ya chini kwa mtoto asiyestahili. Mimi nimeshatoa moja, na siwezi kuirudisha.

Jana nimeianza upya The Witcher 3. Nilipofika pale kwa wale wachawi, nikamwacha Ciri aingie peke yake, mimi nikabaki mlangoni. Rumeti alikuwa kitandani anaangalia, hakusema kitu. Likizo hii anakwenda nyumbani, na anasema ataongea na mzee wake kuhusu kubadilisha kozi. Aliniuliza kama naweza kumsindikiza, nimsaidie kueleza, maana mimi ndiye mwenye mdomo.

Nimemwambia nitamsindikiza mpaka stendi.

Naomba kutoa hoja. Alamsiki.