Tone la Mafuta Chini ya Lori



Toka Butembo hata Beni ni kilomita zipatazo 54. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na Beni haifiki mita 1,300. Kwa hiyo lori lenye viazi, na watu juu ya viazi, lina mteremko mrefu mbele yake.

Juma lililopita tulimkuta jirani yetu, dereva, amelala chali chini ya lori lake kuukuu. Pale shafti ndefu inapoingia katika difu, mafuta mazito yalikuwa yakidondoka.

“Mwalimu,” alisema, “sili hii niliibadilisha mwezi uliopita. Mwenye duka ameniibia. Nitabeba kopo la mafuta tu, nijaze nikifika Beni.”

Difu ni lile sanduku la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Sili ni pete izuiayo mafuta yasitoke. Je, sili mpya yawezaje kuvuja? Wanafunzi wetu wamekwisha kujifunza jibu darasani: hewa ikipata moto hutanuka. Difu ikifanya kazi hupata moto. Ndiyo sababu juu ya ekseli pana kitundu kidogo cha kupumulia. Tope likikiziba, hewa hukosa njia, nayo huyasukuma mafuta hata yapite penye sili. Tulifuta matope pamoja; kitundu kilikuwa kimezibwa kwa udongo mgumu kama tofali.

Basi, kabla ya kununua sili nyingine, tafuta chanzo. Zibua kitundu. Shika flanji ya shafti, uitikise juu na chini: ikicheza, beringi imelika, wala hapana sili itakayodumu hapo. Ukiifungua, pitisha ukucha pale sili inapogusa chuma: ukucha ukikwama katika mfereji, chuma chenyewe kimelika.

Ikiwa lazima kubadilisha, kwanza zuia magurudumu kwa mawe. Usitegemee jeki peke yake. Mwaga mafuta katika chombo. Tia alama juu ya nati kubwa na mti wake kabla ya kuifungua, uirudishe palepale, maana nati hiyo ndiyo ikazayo beringi. Ikiwa una kitabu cha mtengenezaji, fuata kipimo chake. Pakaza sili mafuta mdomoni, uigonge polepole kwa kipande cha mti, pande zote sawa, mdomo wenye springi ukielekea ndani. Kisha jaza mafuta hadi ukingo wa tundu la kujazia, lori likisimama mahali tambarare. Usizidishe, kwani kuzidisha nako huleta kuvuja.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini haba na haba humaliza kibaba vilevile. Gia zikikosa mafuta huungua, na lori hulala njiani, mahali ambapo hakuna katika Kivu apendaye kukutwa na usiku. Na mafuta yakivujia penye magurudumu, huzilowesha breki, na mteremko haumngoji mtu.

Jirani yetu alijaza mafuta yaliyopungua, akaenda Beni, akarudi. Difu ilikuwa kavu. Sili ilikuwa nzima tangu mwanzo, na mwenye duka hakuwa mwizi. Jioni ile tulimwona akielekea dukani kumwomba radhi.