Mapumziko ya Matema Huanzia Bulyaga

Sikukuu zinapokaribia, familia, kwaya na vikundi vya vijana hapa Bulyaga huanza kuchanga nauli ya kuteremka Matema, wilayani Kyela, kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa chini ya Milima ya Livingstone. Wengine huchagua mandhari ya karibu: Daraja la Mungu katika Mto Kiwira, Ziwa Ngosi au maporomoko ya Kaporogwe. Serikali nayo imekuwa ikihimiza utalii wa ndani. Tunalipokea jambo hili kwa furaha. Kristo Yesu, alipowaona mitume wake wamechoka hata hawapati nafasi ya kula, aliwaalika waende kwa mashua mahali pa faragha wakapumzike (Mk 6:30-32). Kupumzika si uvivu, wala si anasa ya matajiri peke yao.

Hata hivyo, mwamini hana budi kujiuliza: mapumziko yangu yanalipiwa na nani?

Tuanze na maji. Misitu ya Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2009. Misitu hiyo huyapokea maji ya mvua na kuyaachia polepole kwenye vijito, na mito kama Kiwira na Mbaka huyafikisha Ziwa Nyasa. Kwa hiyo chupa inayotupwa mtaroni Tukuyu imeanza safari ya kwenda ziwani kabla yetu. Vivyo hivyo udongo, mbolea na viuatilifu vya mashamba ya viazi na parachichi yaliyolimwa hadi ukingoni mwa kijito.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe za maziwa. Ni sheria njema, lakini tuseme ukweli: kwa mjane mwenye nusu ekari kando ya kijito, mita hizo huenda ndizo shamba lake lote. Kumwambia aache kulima, kisha sisi tukaenda kuogelea, ni kumtwisha mzigo ambao hatuugusi hata kwa kidole. Haki inadai mambo mawili. Kwanza, kipimo cha mita 60 kiwe kilekile kwa mkulima mdogo na kwa mwenye mtaji anayejenga nyumba ya wageni ufukweni. Pili, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zimsaidie jirani huyo kupata miche ya miti rafiki wa maji na njia nyingine ya kujipatia riziki. Hayati Baba Mtakatifu Francisko, katika Waraka wake wa “Laudato si’” wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi.

Tuje kwa wanaotuhudumia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2187) inatuasa tusiwatake wengine, pasipo lazima, kazi zitakazowazuia kuiadhimisha Siku ya Bwana. Kikundi kinachosafiri Dominika kipange Misa kwanza, na dereva ahesabiwe miongoni mwa waamini, si sehemu ya gari. Mpishi na mvuvi walipwe inavyostahili. Akina mama wa Kikisi wanaouza vyungu vya Ikombe wasipunjwe kwa kisingizio kwamba ni vitu vya kienyeji.

Mwisho, tukumbuke jinsi mapumziko yale ya mitume yalivyomalizika. Umati uliwafuata, ukaketi majanini karibu na ziwa, ukala ukashiba. Ndipo Bwana akaagiza vipande vilivyosalia vikusanywe, kisipotee kitu. Vikajaa vikapu kumi na viwili (Yn 6:12-13). Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa zingali zikionekana kando ya maji. Kikundi kinachochanga nauli kichange basi na magunia ya kukusanyia taka, na sehemu ya michango hiyo inunue miche ya kupandwa kwenye vijito vyetu kabla ya safari. Tukifanya hivyo, tutakapofika Matema tutaingia kwenye maji ambayo sisi wenyewe tumeshiriki kuyatunza.