Mraibu Hajulikani kwa Macho

Imekita katika vichwa vya watu wengi wa pwani yetu, na miongoni mwao wamo mahakimu, askari na hata wazazi waliokwisha kufikwa na balaa hili majumbani mwao, itikadi ya kwamba mtu aliyezama katika unga (heroini), bangi au mnazi hutambulika kwa kutazamwa tu, kwa macho yake mekundu, makovu ya mikononi na usemi wake wa kukokota. Na kwamba ikizuka shaka, kikombe cha mkojo kitaikata. Itikadi hiyo ni batili.

Tuanze na kikombe. Mkojo hushuhudia kwamba kitu kimepita mwilini, wala haushuhudii kwamba kimemtawala mwenye mwili. Mvutaji bangi wa kila siku huweza kukutwa na athari yake majuma kadhaa baada ya kuacha, hali teja wa heroini, ambaye khatari yake ni kubwa mara nyingi zaidi, huenda akaonekana safi baada ya siku chache za rumande. Basi hakimu anayefuata kikombe atampeleka soba, yaani nyumba ya kuwalaza waraibu, mvutaji bangi, na atamwachia teja ambaye mwili wake, kwa kukaa bila ya unga, umekwisha kupoteza ustahimilivu wake, hata kipimo kile kile alichokuwa akikimudu zamani kikamwua. Na mlevi wa pombe, ambaye mkojo wake hausemi lolote baada ya siku moja au mbili, ndiye anayestahiki kuangaliwa upesi kuliko wote: arosto, yaani mateso ya kuachishwa, ya unga hutesa, lakini ya pombe, kwa aliyezoea kunywa sana, yaweza kuua humo humo mahabusi.

Ama jicho la mzoefu, ambalo husifiwa mno, kila afisa wa probesheni analo lake, kama zamani kila mwenye duka alivyokuwa na pishi yake, na mshitakiwa hana khiari ya duka. Kipimo kimoja kwa wote ni maswali yaliyosanifiwa, na wanaosema kwamba hayo ni mambo ya kigeni wameghafilika. Kwani AUDIT, maswali 10 ya kupimia unywaji, Shirika la Afya Duniani liliyatunga kutokana na watu wa nchi sita, na Kenya ilikuwa mojawapo. Nduguye, ASSIST, huuliza kila kileo mbali mbali: katika miezi mitatu iliyopita umekitumia mara ngapi, umekitamani kiasi gani, kimekuharibia kazi zipi, na kwa bangi au heroini, anayepata alama 4 hadi 26 hustahiki nasaha fupi, na wa 27 na zaidi ndiye wa kutiwa mikononi mwa matabibu. Bila ya kutenganisha hivyo kileo na kileo, na kiwango na kiwango, amri ya "apelekwe akatibiwe" haina maana, kwani methadoni, iliyoanza kutolewa katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, ni dawa ya mtu wa unga na haimhusu mvutaji bangi hata kidogo.

Nitaambiwa kwamba mshitakiwa atasema uwongo. Atasema, na nani wa kumlaumu, maadamu ajua kwamba kila neno lake laweza kurudi mahakamani kuwa ushahidi wa kumtia hatiani? Iwekwe kanuni kwamba majibu yake ni amana, hayatumiki ila katika kuamua tiba, na ulimi wake utalegea. Si wote watakaosema kweli, lakini wengi.

Lililo zito zaidi ni yule anayeuliza. Panapokuwa mpimaji ndiye mwenye nyumba ya kulaza, na kila kitanda kina ada yake inayolipwa na jamaa waliokwisha kuuza dhahabu ya mama yao, si ajabu kila anayepita mlangoni kukutwa mgonjwa wa miezi mingi. Sisemi kwamba watu hao wote ni walafi. Wengi wao waliwahi kuwa mateja, na huruma yao ni ya kweli. Lakini huruma yenye maslahi haifai kuandika ripoti ya mahakama. Mwenye soba asipime, mpimaji asiwe na soba, na maswali yawe yale yale Lamu, Malindi na Mombasa, alama ziandikwe, hata wakili wa mshitakiwa aweze kuuliza zilipatikanaje.